Nyumba kuukuu, radi na popo, lakini hakuna anayeogopa

Swali: "Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma hadithi fupi za Kigothiki, zile za kutisha zenye majumba ya kale na siri, hasa za Mmarekani Edgar Allan Poe, na sasa nimeandika ya kwangu. Juma anarithi nyumba ya mawe ya babu yake huko Pangani. Anafika usiku, mvua inanyesha, radi zinapiga, darini kuna popo, mlango unajifunga wenyewe. Nimetumia nafsi ya tatu na nimehakikisha msomaji anajua kwamba Juma anaogopa. Sehemu moja inasema: 'Juma alishikwa na hofu kubwa. Mlango ukajifunga wenyewe, radi ikapiga, popo wakaruka, akapiga kelele.' Wenzangu waliosoma walicheka. Lakini mimi nikisoma kile kisa cha Poe cha nyumba ya Usher, 'The Fall of the House of Usher', mwili unanisisimka, na kwa kurasa nyingi hakuna hata kinachotokea! Tatizo langu ni mandhari au ni msimulizi? Nihamie nafsi ya kwanza?"

Marahaba. Kwanza nikutoe wasiwasi: wenzako kucheka hakumaanishi kwamba huna uwezo wa kutisha. Msomaji hucheka anapohisi anasukumwa aogope kabla hajapewa sababu. Hilo linarekebishika, na mara nyingi bila kugusa kisa chenyewe.

Unauliza ugonjwa uko kwenye mandhari au kwenye usimulizi. Nimeusoma mfano wako, nikauona uko pale viwili hivyo vinapokutana. Katika hadithi yako nyumba inasema "ogopa", na msimulizi naye anasema "Juma anaogopa". Vyote vinasema jambo lilelile, kwa hiyo msomaji hana kazi iliyobaki. Katika hadithi fupi za Kigothiki zilizodumu, mahali panaonyesha jambo, na anayesimulia ama halioni, ama analiona na kulipa maelezo mepesi, ama anakataa kulikubali. Msomaji ndiye anayebaki akijua. Hofu humwanza yeye, wakati mhusika bado anatandika kitanda.

Wengi hudhani hadithi ya Kigothiki ni orodha ya vitu: ngome, dhoruba, mlango unaolia, mshumaa unaozimika. Dhana hiyo ina asili yake. Mwingereza Horace Walpole alipotoa riwaya ya The Castle of Otranto mwishoni mwa 1764, vitu hivyo vilikuwa vipya kwa wasomaji wa riwaya Uingereza. Kofia kubwa ajabu ya chuma inamponda kijana siku ya harusi yake, na binti anakimbia kwenye njia za chini ya ngome. Lakini hata pale, kinachoifanya ngome itishe ni namna ilivyopatikana. Mtawala wake ameirithi kwa babu aliyemuua mwenye mali kwa sumu, na kuta zinadai haki ya marehemu. Nalisisitiza hili kwa sababu wewe tayari umeushika uzi huo: Juma anarithi. Kwenye muhtasari wako sikuona popote babu aliipataje nyumba ile. Umeshughulika na popo, swali zito ukaliacha.

Poe alipochapisha kisa cha Usher, Septemba 1839, ilikuwa imepita takriban miaka 75 tangu Walpole, na ngome zenye mizimu zilikuwa zimewachosha wasomaji. Yeye alichukua vitu vilevile vikuukuu akabadilisha namna ya kuvitazama. Urudie ukurasa wa kwanza polepole. Mtu anapanda farasi kutwa nzima, siku ya msimu unaoelekea baridi, mawingu yamekaa chini, hakuna sauti. Anaiona nyumba, na moyo wake unazama. Anachofanya baada ya hapo ndicho nataka ukitazame. Hapigi kelele. Anajiuliza kwa nini. Anafikiri kama mtu aliyesoma: pengine ni mpangilio wa vitu tu, na mpangilio ukibadilika huzuni nayo itapungua. Basi anasogeza farasi hadi ukingo wa ziwa dogo jeusi lililo mbele ya nyumba, aitazame nyumba ileile majini, juu chini. Anafanya jaribio. Matokeo yake anashtuka kuliko mwanzo.

Pale mtu mwenye akili timamu anapojaribu kuishinda hofu yake kwa hoja na kushindwa, msomaji anapoteza mlinzi. Tulikuwa tunamtegemea huyu bwana atuambie kwamba hamna kitu. Ameshindwa, na hatuna mwingine wa kumuuliza, kwa sababu hadithi nzima inapita kwenye macho yake.

Kisha upo ule ufa. Kabla hajaingia ndani, msimulizi anataja kwamba mtazamaji makini angeweza kuona mpasuko mwembamba sana, unaoanzia paani na kushuka ukutani kwa kupindapinda hadi kupotea kwenye maji ya lile ziwa. Anaueleza mara moja, kama mkaguzi wa majengo, kisha anavuka, mtumishi anampokea farasi, anaingia. Hausemei chochote. Msomaji anaubeba ufa huo kurasa zote zinazofuata, mara nyingi bila kujua anaubeba. Mwishoni nyumba inapasuka papo hapo, na mwezi mwekundu unaonekana kupitia mwanya. Hatushangai. Ni kana kwamba tulikuwa tunangojea.

Chumba cha chini kimeandaliwa vivyo hivyo. Madeline, pacha wa mwenye nyumba, Roderick Usher, ana maradhi yanayomfanya akakamae kama maiti. Anapodhaniwa amekufa, wanamhifadhi chini ya nyumba. Msimulizi anatupa habari tatu kwa sauti ya kawaida kabisa: chumba kile kiko chini hasa ya chumba anacholala yeye, sehemu ya sakafu yake na njia ya kukiingia zimefunikwa kwa shaba kwa sababu zamani kilihifadhi baruti au kitu kingine kinachowaka upesi, mlango wake wa chuma ni mzito, ukisukumwa hutoa mlio mkali. Hizi ni habari za jengo. Usiku wa dhoruba unapofika, ndizo tunazozisikia. Msimulizi anamsomea Roderick hadithi ya kishujaa ili kumtuliza. Kila kishindo cha kitabuni kinajibiwa na kishindo kutoka mbali ndani ya nyumba, naye anajiambia imesadifu tu. Sisi tunajua shaba ikigongwa hulia vipi.

Sasa linganisha na popo wako. Wanaruka, basi. Hakuna kurasa mbele zinazowahitaji. Kipimo ninachowapa wanafunzi wangu ni hiki: kila kitu cha mandhari unachokitaja mwanzoni kiwe kinaweza kurudi kikiwa na maana mbaya zaidi. Kisichoweza, kitoe. Radi hairudi na maana mbaya zaidi. Radi ni radi.

Usiku nao si lazima. Hadithi ninayoipenda kuliko zote katika fani hii inatokea kiangazi, nyumba ina bustani nzuri, jua linaingia madirishani. Ni "The Yellow Wallpaper" ya Charlotte Perkins Gilman, iliyochapishwa Januari 1892 katika jarida la New England Magazine. Mwanamke ametoka kujifungua, hali yake ya moyo si nzuri, na mumewe, ambaye ni daktari, amepanga jumba la zamani ili apumzike. Anamweka chumba cha juu na kumkataza kuandika. Yeye anaandika kwa kificho. Anatueleza chumba kwa upole: madirisha yana nondo, ukutani kuna pete za chuma, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni. Anadhani palikuwa chumba cha watoto, kisha cha mazoezi, na nondo zimewekwa ili wadogo wasianguke. Halalamiki. Na sisi tunaona chumba kingine kabisa ndani ya kile anachokieleza.

Ningependa uiangalie alama moja tu. Mahali fulani anataja mstari chini ukutani, karibu na sakafu, unaozunguka chumba chote nyuma ya kila samani isipokuwa kitanda, kana kwamba kuna kitu kimesuguliwa hapo tena na tena. Anajiuliza umefanywaje, na nani, na kwa nini. Kisha anaendelea na mengine. Katika ukurasa wa mwisho, akiwa anatambaa kuzunguka chumba, anatuambia kwa utulivu kwamba bega lake linaingia sawasawa kwenye mstari ule, hivyo hawezi kupotea njia. Ukifika hapo unarudi nyuma kusoma upya, na unabaki na maswali usiyotaka kuyajibu: ni yeye aliyeusugua, tangu lini, au kuna aliyemtangulia? Gilman hakuandika neno "hofu" pale. Mandhari yalikuwa na ushahidi, msimulizi hakuweza kuusoma, msomaji akausoma.

Nafsi ya kwanza kwa hiyo inasaidia, lakini usiikimbilie ukidhani ni dawa. Ina gharama. Mtu anayesema "mimi" lazima awe na sababu ya kusimulia na mtu wa kumsimulia, na msomaji ana haki ya kudhani kwamba alinusurika. Halafu kuna mtego wa msimulizi mwendawazimu. Wengi wakishasoma "The Tell-Tale Heart", ya 1843, huamua kuandika kichaa anayebwabwaja. Rudi uone Poe alivyofanya. Yule muuaji anajitetea kwa usahihi: anatuambia ilimchukua saa nzima kuingiza kichwa mlangoni bila kumwamsha mzee, na kwamba alifungua taa yake kiasi cha kupitisha mwali mmoja mwembamba. Mandhari ni haba mno, chumba chenye giza, madirisha yaliyofungwa kwa kuogopa wezi, mbao za sakafu. Kinachotutisha ni utaratibu wake. Anavyozidi kuwa makini ndivyo tunavyozidi kumtilia shaka. Hiyo ni kazi ngumu sana kwa hadithi ya kwanza, na kwa kweli sikushauri uanzie hapo.

Nafsi ya tatu uliyoichagua inaweza kabisa. W. W. Jacobs aliitumia katika "The Monkey's Paw", 1902. Mwanzoni baba, akiwa ameudhika kwa kushindwa sataranji, analalamika kuhusu mahali wanapoishi: njia imekuwa tope, barabara imefurika, na ni nyumba mbili tu mtaani zenye wapangaji. Tunacheka naye kidogo. Usiku ule hodi inapobishwa mlangoni, baada ya mwana wao kuzikwa na mama kulazimisha aombewe uhai tena, malalamiko yale yanarudi. Hakuna mpita njia ambaye angeweza kupotea na kufika huko. Jacobs hakutuonyesha kilichokuwa nje. Mama anahangaika na komeo la juu, baba anapapasa sakafuni akitafuta kile kiganja cha nyani kinachotimiza maombi, na mlango unapofunguka barabara ni tupu. Hodi inapobishwa, msimulizi amekaa ndani pamoja na baba, hatoki hadi hodi ikome. Ndiyo maana nasema: unaweza kubaki na nafsi ya tatu, mradi ikae begani mwa Juma na isijue zaidi yake. Ya kwako inajua kila kitu, na inatangaza.

Njia nyingine, na kwa sikio langu ndiyo ingekaa vizuri zaidi kwenye hadithi yako, ni nafsi ya kwanza wingi. William Faulkner aliitumia mwaka 1930 katika "A Rose for Emily", kisa cha mji wa Kusini mwa Marekani. Wanaosimulia ni "sisi", watu wa mji. Wanajua kwamba Emily alinunua sumu ya arseniki. Wanajua mchumba wake alionekana akiingia jioni moja kwa mlango wa jikoni, hakuonekana tena. Wanajua palitoka harufu, na wanaume wanne walikwenda usiku kunyunyiza chokaa kuzunguka nyumba badala ya kumwambia bibi yule usoni. Lakini wanayasimulia kwa kuyachanganya, kama mazungumzo ya barazani yanavyoruka kutoka mwaka huu hadi ule, na kwa kuyachanganya hawalazimiki kuyaunganisha. Msomaji anaunganisha, na anaona kwamba mji mzima ulikuwa na kila kipande. Fikiria mtaa wa Pangani ukimsimulia Juma: walimwona anashuka kwenye basi, walimpa ufunguo, kila mmoja alidhani mwenzake ameshamwambia.

Kuhusu mahali penyewe, usimhamishie Juma minara na ukungu wa Scotland. Nyumba za mawe za pwani yetu zina tabia zao. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari. Kuta ni nene, sauti ya chumba cha pili haipiti vizuri, unasikia kwamba mtu anaongea lakini husikii anasema nini. Hilo peke yake linaweza kubeba ukurasa mzima, na halihitaji radi.

Kuna tahadhari moja ambayo waandishi wa Ulaya hawakuihitaji sana. Kwetu, mlango ukijifunga wenyewe, nusu ya wasomaji wana jina tayari: jini, mzimu, kitu kimetupwa. Jina likishatajwa, hadithi inageuka. Anaitwa mtaalamu, kinasomwa kisomo, kinachomwa ubani, na kuna utaratibu wa kufuata. Hofu unayoitafuta inakaa kwenye shaka, kabla jina halijapatikana. Huna haja ya kuikana imani ya watu wako. Mwache shangazi aamini jambo moja na Juma jingine, na nyumba isimpe yeyote kati yao ushindi kamili.

Hapo inakuja hoja ya mwisho wa hadithi, ueleze au usieleze. Ann Radcliffe, aliyetawala fani hii miaka ya 1790, alikuwa na desturi ya kueleza: sauti ilikuwa ya mtu, mzuka ulikuwa sanamu. Katika insha yake iliyochapishwa 1826, baada ya kifo chake, alitenganisha hofu inayoikunjua nafsi na kuziamsha hisia, na ile chukizo ya kuona wazi inayoigandisha. Ya kwanza, alisema, huishi kwenye kutoona vizuri. Mapokeo yetu ya riwaya yanaijua njia ya kueleza. Muhammed Said Abdulla aliweka mauaji penye mzimu katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, kisha mpelelezi wake, Bwana Msa, akayafumbua kwa akili. Inapendeza sana, lakini inachotoa ni raha ya fumbo lililofumbuka. Riwaya ina nafasi ya vyote viwili. Hadithi fupi haina. Poe mwenyewe aliandika mwaka 1842 kwamba hadithi fupi isomwe kwa kikao kimoja na kila neno lilenge athari moja. Ukitaka athari hiyo iwe hofu, maelezo ya mwishoni yataila.

Turudi kwenye sentensi zako, nikuonyeshe kwa vitendo.

"Chumba cha babu kilikuwa cha mwisho, kirefu na chembamba. Komeo lilikuwa upande wa nje. Juma alidhani fundi alikosea, akaweka begi chini. Kwenye mlango, kwa ndani, rangi ilikuwa imebanduka kwa mistari, kuanzia usawa wa goti kwenda chini. Paka, alijisemea. Mama alikuwa akisema babu hakutaka mnyama yeyote ndani ya nyumba, lakini wazee hubadilika. Alitandika shuka, akazima taa."

Hakuna aliyeogopa humo. Nimeliazima wazo la alama kwa Gilman, wewe utatafuta la kwako. Tazama pia vitenzi. Yako ilikuwa "ukajifunga, ikapiga, wakaruka, akapiga": mfululizo wa "-ka-" unamkimbiza msomaji, na anayekimbia hana muda wa kutazama mlango. Uhifadhi kwa mahali ambapo Juma anakimbia kweli. Unapojenga hofu, tumia zaidi maumbo ya "ilikuwa imebanduka", "palikuwa pamefungwa". Yanamwambia msomaji kwamba jambo lilishatokea hapa kabla hatujafika, na kwamba hakuna aliyeliona.

Ushauri wa maandishi una mpaka wake. Ukishaandika upya, tafuta mtu mmoja asiyeijua hadithi, umsomee kwa sauti ana kwa ana. Usimwulize kama ameogopa, atakujibu kwa adabu. Mtazame anapoacha kuchezea simu, na mahali anapokukatiza kuuliza "ngoja, komeo lilikuwa nje?" Hapo pamefanya kazi. Ukiandika upya mara kadhaa bado unaona imelala, mpelekee mwalimu wa fasihi au mhariri mkae naye mezani na karatasi, sentensi kwa sentensi.

Na kama nyumba ya Juma ni nyumba unayoijua, na kilichotokea humo kilitokea kweli, tafadhali usibaki na karatasi peke yako. Gilman aliandika alichokipitia mwenyewe baada ya kutibiwa kwa kulazwa na kunyimwa kazi ya akili mwaka 1887, na alieleza baadaye kwamba tiba ile nusura imharibu. Ukiona usingizi umepotea au uandishi unakurudisha kule kila siku, zungumza na mtu wa karibu unayemwamini, kisha nenda hospitali kubwa iliyo jirani nawe uulizie huduma ya afya ya akili. Fanya hivyo hata kama rasimu haijakamilika.